Kupima na kukagua vifaa katika ujenzi wa shule ya umma: kazi ya kufanya kabla zege halijafunika

Darasa likishapigwa lipu na rangi, hakuna mkaguzi anayeweza kusema kwa kutazama tu ni nondo ngapi zimo ndani ya mkanda wa juu (boriti ya zege inayozunguka kuta juu ya milango na madirisha), au mfuko mmoja wa saruji ulitoa matofali mangapi. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata ratiba ya ujenzi wenyewe: kila kitu kinapimwa kabla ya kufunikwa na kingine. Umelengwa kwa kamati za shule, mafundi na wasimamizi wa kazi nchini Tanzania, hasa pale madarasa yanapojengwa kwa fosi akaunti, yaani halmashauri au shule inanunua vifaa yenyewe na kumwajiri fundi kwa kazi ya mikono. Katika utaratibu huo hakuna mkandarasi mwenye fundi sanifu wake wa vipimo. Mzigo wote wa ubora unaangukia kamati ya mapokezi, kamati ya ujenzi na mhandisi wa halmashauri, ambaye mara nyingi ana miradi mingine mingi siku hiyohiyo.

Kabla ya tripu ya kwanza ya mchanga

Chukueni BOQ (orodha ya kazi, vifaa na gharama zake) na michoro, mkae chini mtengeneze jedwali la kurasa mbili tu: kifaa, sifa inayotakiwa, kipimo cha kuthibitisha, nani anapima, na kazi gani haianzi mpaka jibu lipatikane. Safu ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Msipoiandika mapema, siku ya zege fundi atakuwa na vibarua 20 wamesimama, mashine inanguruma, na hakuna mjumbe atakayethubutu kusema "subiri".

Vifaa vya kupimia pale eneo la kazi si vingi: koni ya slampu (ya kupima ulaini wa zege bichi) na fimbo yake, fomu za chuma za kyubu, yaani vipande vya mchemraba vya zege la kupimwa, za milimita 150 (angalau 6, zikiwa 12 ni bora), mizani inayobeba mfuko mzima wa saruji wa kilo 50 na ndogo inayosoma gramu, venia au maikromita ya kupima unene, tepu, timazi, pima maji, ndoo za lita 20, chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, chumvi na daftari lenye jalada gumu. Koni na fomu za kyubu zinaweza kuazimwa kwa mhandisi wa halmashauri.

Vipimo vya mashine hufanyika maabara. TANROADS, wakala wa barabara, ina maabara kuu ya vifaa Dar es Salaam na nyingine mikoani. Vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vyenye uhandisi, kama DIT, Chuo cha Ufundi Arusha na MUST cha Mbeya, navyo vina mashine. TBS, shirika la viwango la taifa, hupima saruji, nondo na bati. Ulizeni bei na muda wa kusubiri kabla ya kuanza, kisha wekeni gharama hiyo pamoja na nauli kwenye bajeti. Isipowekwa mwanzoni haitapatikana katikati, na kyubu zitabaki chini ya mwembe hadi zisahauliwe.

Ardhi

Chimbeni mashimo ya majaribio, moja katika kila kona ya jengo na moja katikati, kina cha mita 1.5 au zaidi ya kina cha msingi. Mnachotafuta ni tofauti. Kona moja ikiwa kichanga kigumu na nyingine ni kifusi cha shimo la zamani la takataka au kichuguu, ukuta utapasuka hapo zinapokutana, hata zege liwe zuri kiasi gani. Kipimo cha DCP, cha nyundo ya kilo 8 inayoangushwa milimita 575 kupigilia fimbo ya chuma ardhini, kinaonyesha tofauti hizo haraka: hesabuni milimita ambazo chuma kinazama kwa kila pigo. Sehemu inayozama mara mbili ya nyingine ichimbwe zaidi au mhandisi abadili msingi.

Udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, ule unaoitwa mbuga huko Shinyanga na Simiyu, unahitaji tahadhari ya pekee. Kausheni udongo, usageni, uchekecheni laini, kisha mimina mililita 10 za unga huo taratibu kwenye silinda ya mililita 100 iliyojaa maji. Uacheni siku nzima. Ukivimba kufikia mililita 20, ni udongo unaoweza kuinua msingi na kuushusha kila msimu, na mchoro wa kawaida wa darasa haufai hapo. Ukibaki chini ya mililita 15, hatari ni ndogo. Kipimo hiki ni cha bei ya silinda moja tu, na kinastahili kufanywa kabla ya mwalimu mkuu kupanda vigingi.

Mtaro ukishachimbwa, mkaguzi ashuke ndani. Apime kina na upana kila mita 3, akanyage sakafu kwa kisigino, aangalie kama mvua ya usiku imeacha tope. Tope linatolewa lote. Halichanganywi na mawe "likauke lenyewe".

Mchanga, kokoto na maji

Tripu ya mchanga inapimwa kabla lori halijamwaga. Wekeni mchanga kwenye chupa, mimina maji yenye chumvi (kijiko cha chai kwa nusu lita) hadi yaupite mchanga kwa nusu ya kimo chake, tikiseni kwa nguvu, kisha iacheni itulie masaa 3. Mchanga utakaa chini, na tope laini litatanda juu yake kama krimu. Pimeni kwa rula. Tope likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, yaani milimita 8 kwa kila sentimita 10, mchanga huo usiingie kwenye zege bila kuoshwa au kupimwa maabara. Kwa kuwa dereva hawezi kusubiri masaa 3, mpimeni sampuli ya machimbo siku moja kabla. Lori likifika, mnalinganisha rangi na mguso, na chupa inathibitisha jioni kabla ya malipo.

Mchanga wa ufukweni haufai kwa zege lenye nondo. Chumvi yake hulisha kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, hivyo zege hupasuka na kumeguka kutoka ndani. Pwani yote kuanzia Tanga hadi Mtwara inajua sura hiyo: nguzo yenye ufa wima na doa la kahawia.

Unyevu wa mchanga nao una hila zake. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba kwa asilimia 20 hadi 30, kwa sababu utando wa maji hutenganisha chembe. Jazeni chupa kimo cha sentimita 20 kwa mchanga wenye unyevu, uloweni kabisa na kuuchokoa kwa kijiti. Ukishuka hadi sentimita 16, ulikuwa umevimba kwa robo, na kipimo cha ndoo 4 cha mchoro kinahitaji ndoo 5 za mchanga huo. (Anayenunua mchanga kwa ujazo baada ya manyunyu, ananunua hewa pia. Muuzaji anajua.)

Kokoto ziwe na ncha, zisiwe bapa kama vigae, na zisiwe na vumbi linalobaki mkononi. Kokoto za kugongwa kwa mkono mara nyingi huchanganya mwamba mgumu na mawe yaliyooza. Gongeni 20 kwa nyundo kwenye chuma, na zikimeguka kirahisi zaidi ya 2 au 3, pelekeni sampuli maabara kabla ya kupokea nyingine. Ukubwa usizidi milimita 20 kwa zege la nondo, la sivyo kokoto hukwama juu ya nondo na kuacha mapango chini yake.

Kuhusu maji, kanuni ya kijiji inatosha: kama watu hawayanywi kwa sababu ya chumvi, yasichanganywe kwenye zege lenye nondo.

Saruji

Mfuko uwe na alama ya TBS, daraja na tarehe ya kutengenezwa. Daraja 42.5 na 32.5 havibadilishani: namba hiyo ni nguvu katika N/mm² (nyutoni kwa milimita ya mraba) ya sampuli sanifu ya saruji na mchanga baada ya siku 28. Mchoro ukitaka 42.5 kwa mkanda na nguzo, mifuko ya 32.5 ipelekwe kwenye kujenga na lipu, na stoo iwe na marundo mawili yaliyoandikwa. Rangi ya saruji si kipimo cha nguvu, ingawa kila fundi ana nadharia yake juu ya hilo.

Pimeni uzito wa mifuko 10 iliyochaguliwa hovyo. Upungufu wa kilo 2 au 3 kwa kila mfuko ni wizi unaoharibu uwiano wote. Ingiza mkono ndani: saruji nzuri ni baridi na laini, haina mabonge. Bonge linalovunjika kwa vidole ni onyo. Lisilovunjika ni mfuko wa kurudisha. Stoo iwe na mbao chini, mifuko ikae mbali na ukuta kwa sentimita 30, isizidi 10 kwenda juu, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Iliyokaa zaidi ya miezi 3 isitumike kwenye muundo bila kipimo.

Matofali ya saruji

Hapa ndipo fedha nyingi za madarasa zinapopotelea, na hesabu yake ni ya darasa la saba. Tofali la inchi 6 la milimita 450 × 230 × 150 lina ujazo wa lita 15.5. Mfuko mmoja wa saruji ni takriban lita 35. Fundi akisema mfuko mmoja umetoa matofali 30, ujazo wote ni lita 465, yaani saruji moja kwa mchanga wa zaidi ya 13. Akitoa 40, ni zaidi ya 17. BOQ yenu ikisema 1:6, mfuko hauwezi kutoa zaidi ya matofali 14 hivi. Msikimbilie kumlaumu fundi: mara nyingi bei aliyokubaliwa kwa tofali moja haikuhesabiwa kwa uwiano huo. Pale kilichoandikwa ni nguvu badala ya uwiano, tumieni idadi yoyote inayofaulu kwenye mashine, lakini ithibitishwe kabla ya kufyatua elfu ya kwanza.

Kwa hiyo anzeni hivi. Fundi afyatue matofali 10 kwa uwiano mnaokusudia, yamwagiliwe kivulini siku 7, yakae hadi siku 28, yaende maabara. Eneo la kubana ni milimita 450 × 150, sawa na mm² 67,500. Kama mnahitaji 3.5 N/mm², kila tofali libebe takriban kN (kilonyutoni) 236, au tani 24. Majibu yakitoka mnajua idadi halali kwa mfuko, na kuanzia hapo kamati inahesabu tu: mifuko iliyotoka stoo asubuhi dhidi ya matofali yaliyopangwa jioni.

Kwa kila kundi linalofuata, vipimo vya mkono: tofali la wiki mbili liangushwe kutoka kimo cha kiuno juu ya udongo mgumu, likivunjika vipande vingi halifai. Kwaruza uso kwa msumari. Alama ndogo sawa, mfereji hapana. Loweka mawili kwenye pipa siku nzima, kisha sugua kona kwa kidole gumba. Kona ikimomonyoka, hilo tofali litanyonya maji ya masika na lipu itafuata. Tofali la siku 3 lisipandishwe ukutani hata likionekana gumu. Lingali linasinyaa, na ufa utajichora kwenye viungo.

Nondo

Mizani inasema kweli kuliko lebo. Katani mita 1 kamili ya kila kipenyo mpime. Milimita 8 iwe na gramu 395, milimita 10 gramu 617, milimita 12 gramu 888, milimita 16 gramu 1,579. Kiwango cha Uingereza cha BS 4449 kinaruhusu upungufu wa asilimia 4.5 kwa nondo zinazozidi milimita 8, na asilimia 6 kwa milimita 8 na chini yake. Kwa hiyo kikomo cha chini ni gramu 848 kwa milimita 12, gramu 589 kwa milimita 10, na gramu 371 kwa milimita 8. Kipande cha "12" kikisoma gramu 747, mmeuziwa milimita 11, na chuma kimepungua kwa asilimia 16 katika kila nguzo. Venia haitoshi hapa, kwa kuwa mbavu za nondo hudanganya kipenyo.

Pimeni urefu pia. Nondo huuzwa kwa mita 12, na ile iliyokunjwa katikati ili iingie kwenye gari hufika ikiwa pungufu bila mtu kutazama. Chagueni vipande 3 vya mita 1 kwa kila kipenyo na kila mzigo viende maabara kwa mvuto na kukunjwa. Mnaomba majibu matatu: nguvu ya kuanza kunyooka, nguvu ya kukatika, na urefu ulioongezeka kabla ya kukatika. Nondo yenye nguvu kubwa lakini inayokatika bila kunyooka ni hatari, maana jengo halitoi onyo.

Kutu nyepesi ya rangi ya machungwa haina shida. Kutu inayobanduka kwa magamba iondolewe kwa brashi ya waya, kisha kipande kipimwe upya uzito.

Zege: siku ambayo kila kitu kinaonekana mara moja tu

Kabla mashine haijawashwa, mkaguzi apite na mchoro mkononi. Idadi ya nondo, kipenyo, umbali wa ringi, yaani vyuma vinavyozunguka nondo, kutoka ringi hadi ringi (hasa karibu na maungio, mahali mafundi hupenda kuzitawanya), urefu wa kuunganisha nondo ambao kwa kawaida ni mara 50 ya kipenyo, yaani milimita 600 kwa nondo ya 12. Biskuti, yaani vipande vya kuitenga nondo na fomu, ziwe za zege, si vipande vya mawe au mbao. Unene wake uwe milimita 25 kwa mkanda wa juu na 50 kwa msingi uliomwagiwa zege la usafi (tabaka jembamba la kusawazisha) chini. Fomu, yaani mbao za kushikilia zege bichi, zisiwe na mianya, kwa sababu maji ya saruji yakivuja hubaki kokoto tupu. Vyuma vya kushikia kenchi viwe tayari vimefungwa kwenye nondo za mkanda. Hiki cha mwisho husahaulika, halafu paa hufungwa kwa misumari na upepo wa kwanza wa Novemba huliondoa.

Mkaguzi akiridhika anasaini daftarini. Bila saini, mashine haiwashwi.

Uwiano upimwe kwa ndoo, si kwa koleo. Mfuko mmoja ni lita 35, kwa hiyo zege la 1:2:4 ni mfuko 1, mchanga ndoo 3½ za lita 20 (ongeza kama umevimba), kokoto ndoo 7. Toroli linaruhusiwa ikiwa limepimwa kwa ndoo kwanza na kuchorwa mstari ndani. Maji: lita 27 hivi kwa mfuko kwa jumla, lakini mchanga wenye unyevu umeshabeba lita 5 zake, hivyo mnaongeza ndoo moja na lita 2 tu. Saidia fundi atataka zaidi kwa sababu zege laini husukumika. Kila lita ya ziada itakauka na kuacha tundu.

Slampu ndiyo hakimu wa maji. Loweka koni, isimamishe kwenye bati bapa, jaza tabaka tatu, kila moja choma mara 25 kwa fimbo ya milimita 16, sawazisha, inua wima kwa sekunde 5 hadi 10, pima lilivyoshuka. Kwa mkanda na nguzo zinazotikiswa kwa vaibreta, milimita 50 hadi 100 zinafaa. Likimwagika kama uji, mchanganyiko huo usiende kwenye fomu. Upelekwe kwenye kazi isiyo ya muundo. Rudieni kila mara mchanga unapobadilika au mvua inaponyesha.

Kyubu zichukuliwe hivi:

1. Mkaguzi achague mchanganyiko bila kutangaza. Fundi akijua ni upi, utakuwa na saruji ya ziada, na kyubu zitasifu zege ambalo halimo kwenye jengo.
2. Kusanya kutoka sehemu kadhaa za mchanganyiko huo, changanya tena kwa koleo, jaza fomu zilizopakwa oili kidogo kwa tabaka tatu, choma kila tabaka angalau mara 35.
3. Andika tarehe, sehemu ya jengo na namba kwa msumari baada ya uso kukauka kidogo. Funika kwa gunia lililolowa na nailoni, kivulini, pasipopitiwa na mbuzi wala mpira wa wanafunzi.
4. Kesho yake toa fomu, pima uzito. Kyubu nzuri ina takriban kilo 8.1. Iliyo chini ya kilo 7.8 haikushindiliwa vizuri, au kokoto zina shida, na mnajua hilo wiki nne kabla ya maabara.
5. Zamisha kwenye pipa la maji hadi siku ya safari. Safirisha ndani ya maranda yaliyolowa, zisigongane.

Kyubu 6 kwa kila siku ya zege la muundo: 3 kwa siku ya 7, 3 kwa siku ya 28. Ripoti ikirudi someni wenyewe. Eneo ni mm² 22,500. Kama mashine ilisoma kN 430, gawanya: 19.1 N/mm². Zege la daraja 25, yaani 25 N/mm² kwa siku 28, lilihitaji kN 562. Siku ya 7 tarajieni kiasi cha asilimia 65 hadi 70, yaani 16 au 17. Likiwa 11, hakuna haja ya kungoja siku ya 28 kusimamisha kazi.

Kuna kipimo kingine kisicho na mashine, nacho ni leja ya stoo. Meta moja ya ujazo ya zege la 1:2:4 hula mifuko 6.3 hivi. Mkanda wa upana milimita 150, kimo 230, urefu mita 40 una meta za ujazo 1.38, kwa hiyo mifuko 9. Leja ikionyesha 6, ama mkanda una upungufu ama mifuko haikuandikwa. Ikionyesha 13, mifuko 4 imepita getini. Kamati inayofanya hesabu hii kila jioni hukamata mengi kabla ya maabara kufungua mlango.

Umwagiliaji usipungue siku 7, asubuhi na jioni, chini ya magunia. Fomu za pembeni zinaweza kutoka baada ya siku moja au mbili. Mihimili, yaani miti inayoshikilia fomu kutoka chini, ya mkanda juu ya milango na madirisha ikae siku 14 au zaidi. Fundi akihamisha mihimili mapema kwenda darasa la pili, mkanda unapinda, na mlango hautafunga kamwe.

Jamvi

Kifusi cha chini ya jamvi (sakafu ya zege) kishindiliwe kwa tabaka za milimita 150 zenye unyevu wa kufinyangika, si siku moja kwa kimo chote. Fimbo ya nondo ya 12 ikisukumwa kwa mkono mmoja ikazama zaidi ya sentimita chache, rudieni. Nailoni ya kuzuia unyevu ipishane kwa sentimita 30, isitobolewe na mawe. Wavu wa BRC A142 una waya za milimita 6 kila milimita 200. Pimeni vyote viwili. Kisha angalieni ulipo wakati wa kumwaga. Vibarua huukanyaga hadi chini kabisa, na ukilala kwenye nailoni haufanyi kazi yoyote. Biskuti kila mita moja, na mtu mmoja mwenye kulabu wa kuuinua.

Mbao na bati

Mbao zilizotibiwa kwa dawa zikatwe katikati, si mwishoni. Kata moja katika kila mzigo. Rangi ya kijani ya dawa ikiwa imeingia milimita 2 tu pembeni, imepakwa au kuchovywa; mbao iliyotiwa dawa kwa shinikizo inaonyesha rangi kwenye sehemu yote laini ya mti inayozunguka kiini. Unyevu usizidi asilimia 20, vinginevyo kenchi hujikunja ikikauka na bati hufunguka kwenye skrubu. Pimeni vipande kwa tepu pia: 2×4 ya sokoni mara nyingi ni ndogo kuliko milimita 50 × 100, na mchoro ulihesabiwa kwa vipimo kamili.

Geji ya bati isisomwe kwenye kibandiko. Geji 28 ni milimita 0.376, geji 30 ni 0.315, geji 32 ni 0.274. Pimeni kwa maikromita mbali na ukingo, katika bati 5 za kila rundo, na mkumbuke kwamba rangi huongeza unene usio chuma. BOQ nzuri huandika milimita, kwa kuwa neno geji linavutwa upande wowote. Baada ya kuezeka, ingieni ndani mchana na mzime taa: kila nyota inayoonekana juu ni tundu la mvua.

Umeme na radi

Nyaya zipimwe kwa mita ya ukinzani ya volti 500 kabla ya kuunganishwa. Ukinzani wa ganda usiwe chini ya megaomu 1. Kikinga radi kiwe na ukinzani wa ardhi usiozidi omu 10, na kipimwe kiangazi. Kikipimwa siku ya mvua kinafaulu, kisha kinashindwa Oktoba, mawingu ya kwanza yanapokuja na ardhi ingali kavu.

Kipimo kikifeli

Vifaa visivyofaa vitengwe siku hiyohiyo, vipakwe rangi nyekundu, viandikwe kwenye fomu ya mapokezi kuwa vimekataliwa pamoja na sababu na picha. Vikibaki kwenye rundo moja na vizuri, wiki ijayo vitakuwa ukutani. Malipo ya muuzaji yasiende mbele bila saini ya kamati ya mapokezi.

Kyubu zikifeli siku ya 28, kwanza hakikisheni kosa si la kyubu zenyewe: uzito, tarehe, jinsi zilivyosafirishwa. Pili, nyundo ya Schmidt, inayogonga uso wa zege na kusoma inavyodunda, ipite kwenye sehemu ile ya jengo kulinganisha na sehemu zilizofaulu. Yenyewe haitoi nguvu ya uhakika, inaonyesha tu palipo padhaifu. Tatu, kora 3, yaani vipande vya silinda kutoka kwenye zege la jengo, zikatwe na kubanwa. Kanuni ya ACI, taasisi ya zege ya Marekani, inakubali zege ikiwa wastani wa kora hizo umefika asilimia 85 ya nguvu iliyotakiwa na hakuna hata moja iliyo chini ya asilimia 75. Zikishindwa hapo, mhandisi anaamua kwa maandishi: kuongeza nguvu, kupunguza mzigo, au kubomoa. Kubomoa mkanda kabla ya paa ni nyundo, siku mbili na mifuko 9 ya saruji. Ukishaezekwa, kenchi na bati lazima vishuke kwanza.

Ripoti zote, zilizofaulu na zilizofeli, zibaki kwenye faili moja shuleni, nakala moja kwa mhandisi. Ufa ukitokea mwaka wa tatu, mtu wa kwanza ataomba tarehe ya zege la mkanda na namba za kyubu zake.